WAJUKUU WA BI MKUBWA 🌴: Nassir anapanda ndege

*Jumapili usiku*

Rukia: Asalaam alaykum. Shkamoo bibi, shkamoo ami, shkamoo khaloo. Tiketi zimetoka leo. Ijumaa jioni, Zanzibar hadi Muscat moja kwa moja. Salum hakupewa likizo, kwa hiyo niko peke yangu na huyu mtoto wenu. Masaa matano na zaidi kwenye kiti na mtu ambaye hata kula anakula anatembea. Mwenye la kunambia anambie sasa.

Ami Seif: Wa alaykum salaam, marahaba. Mbona kazi ndogo. Sisi huku Pemba tunawapandisha boti kila Idi na wanafika.

Zuwena: Wanafika washatapika ami 😂

Ami Seif: Wanafika lakini.

Bi Mkubwa: 🎤 0:52

Mudi: Kwa wasio na bando: bibi anasema marahaba. Anasema chukua kanga doti mbili, za zamani zilizolainika, mpya hazifyonzi. Moja ya kumfunika, moja ya kumbebea, moja ya kufutia, moja ya kujitanda ukimnyonyesha. Na kijiko na kikombe cha bati. Anasema mtoto hataki kitu zaidi ya hapo.

Salum: Nimemuwekea katuni kwenye tableti bibi. Zinacheza bila intaneti, masaa manne.

Mudi: Bibi anauliza tableti inaliwa?

Zuwena: Rukia, Nassir anatimiza miwili lini vile?

Rukia: Tarehe 14 mwezi ujao. Umeanza kutafuta zawadi? 😍

Zuwena: Unarudi tarehe ngapi?

Rukia: 20

Zuwena: Na tiketi yake ni ya kupakatwa, kwenda na kurudi?

Rukia: Eeh. Asilimia kumi tu ya nauli yangu, wakala alinichekea akasema wahi kabla hajakua.

Zuwena: Keshakua.

Rukia: ?

Zuwena: Mtoto wa kupakatwa ni yule ambaye hajatimiza miaka miwili SIKU YA KUSAFIRI. Siku uliyokata tiketi haihusiki. Kwenda yuko sawa, bado mtoto mchanga kwao hao. Kurudi tarehe 20 ana miwili na siku sita, anatakiwa kiti chake na nauli ya mtoto, ambayo mara nyingi inakaribia robo tatu ya mtu mzima. Yamenikuta mimi na Sabra, kaunta ya Muscat, saa saba za usiku, naambiwa mama huyu mtoto hana kiti. Nikasema ninae mimi hapa mapajani. Wakanionesha paspoti. Nililipa bei ya siku ileile, usiniulize kiasi gani, baba Sabra mpaka leo hajui.

Salum: Sasa ndiyo anajua, yumo humu.

Zuwena: *Ujumbe huu umefutwa*

Rukia: Yarabi. Na paspoti wakala aliipiga picha mwenyewe, tarehe ya kuzaliwa anaiona.

Salum: Si tusogeze safari, arudi tarehe 12?

Khaloo Salha (Muscat): ATI NINI. Harusi tarehe 16 Salum. Nani atamtia Salma hina? Mimi nimeshakataa wapambaji watatu wa huku kwa ajili ya mkono wa Rukia.

Ami Seif: Basi harudi. Kilichopungua ni kiti, na kiti kinanunuliwa. Kesho asubuhi Salum nenda kwa wakala abadilishe ya kurudi sasa hivi, usingoje. Mudi weka orodha.

Mudi:
KITI CHA NASSIR 💺
1. Ami Seif 50,000
2.
Nakili, ongeza jina lako, usifute la mwenzio

Hamad:
KITI CHA NASSIR 💺
1. Ami Seif 50,000
2. Hamad 40,000
3.

Zuwena:
KITI CHA NASSIR 💺
1. Ami Seif 50,000
2. Hamad 40,000
3. Zuwena 30,000
4. Baba Sabra 30,000 (hajui)

Ami Seif: Mudi sikuoni.

Mudi: Mimi karani ami.

*Jumatano*

Rukia: Kiti kimepatikana alhamdulillah, ahsanteni sana. Dkt Hamad, swali. Mwenzangu kazini kanambia nimpe Nassir dawa ya mafua ile inayoleta usingizi, nusu saa kabla ya kupanda. Anasema wake walilala mpaka Dubai.

Hamad: Usimpe. Kuna watoto inawageuza, badala ya kulala wanaruka kama wana majini, na hapo uko angani huna pa kwenda. Na baadhi ya dawa hizo hazitakiwi kabisa chini ya miaka miwili, zinaweza kumdhoofisha pumzi. Beba parasetamoli ya maji tu, kwa uzito wake, na umpe akipata homa au akiumwa.

Rukia: Na masikio?

Hamad: Hapo ndipo pa kujipanga. Ndani ya ndege hewa wanaiweka kama uko mlimani, mita elfu mbili hivi, juu ya Lushoto huko. Kupanda si tatizo sana. Ikianza kushuka hewa inazidi na inaisukuma ngoma ya sikio kwa ndani. Kuna mrija unatoka sikioni unakuja nyuma ya pua, huo ndio unasawazisha, nao unafunguka mtu akimeza. Wa mtoto ni mwembamba. Kwa hiyo anatakiwa AMEZE. Ziwa, maji, uji, chochote. Na mtu aliyelala hamezi sana, ndiyo maana wengi wanaamka wanapiga kelele ndege ikikaribia kutua.

Rukia: Kwa hiyo nimwamshe? Nimuamshe Nassir kwa hiari yangu?

Hamad: Nusu saa kabla ya kutua. Ukisikia rubani anatangaza mnaanza kushuka.

Rukia: Wewe hujawahi kumwamsha huyu mtoto.

Hamad: Na kama ana mafua mazito au sikio linauma siku hizi mbili, mlete nimtazame kabla hamjaenda.

Zuwena: Mengine harakaharaka. Cheti cha kuzaliwa na barua ya Salum ya ruhusa, yenye muhuri wa wakili. Paspoti yako inasoma jina la babako, ya Nassir inasoma la babake, afisa akikaza anaweza kukuuliza huyu wa nani. Kigari cha kusukuma unakwenda nacho mpaka mlango wa ndege, wanakichukua hapo, aghlabu hawakutozi. Pempasi hesabu moja kwa kila saa halafu ongeza tatu. Nguo zake pea nne.

Ami Seif: Jamani na ile pesa ya kisima, wangapi bado? Tusisahau.

*Ijumaa*

Rukia: Tushapita ukaguzi. Chupa yangu ya maji wameichukua. Uji wa Nassir wakauliza nini hiki, nikasema uji wa mtoto. Maziwa na chakula cha mtoto vinapita hata vikizidi ile mililita mia, ila yule dada akanambia nionje mbele yake. Nimekunywa uji wa mchele nimesimama bila viatu, watu wamepanga foleni nyuma.

Mudi: Ulikuwa na sukari? 😂

Salum: Nassir vipi?

Rukia: Anamsukuma mtu asiyemjua ndani ya kigari chake.

Bi Mkubwa: 🎤 1:34

Mudi: Dua ya safari. Imo yote, mwisho anasema usisahau kijiko.

Rukia: Tunapanda. Nazima simu.

*Jumamosi, usiku mkuu*

Khaloo Salha (Muscat): Wamefika. Niko nao kwenye gari. Rukia ananuka uji.

Rukia: Tumefika alhamdulillah. Huku saa saba usiku, nyinyi saa sita, najua bibi hajalala.

Sasa sikilizeni. Nimepanda nimembeba mgongoni na kanga, mikono mitupu, naona raha. Nimekaa, mhudumu kaja: mama, fungua. Wakati wa kuruka na kutua mbeleko hawaitaki. Kanipa mkanda mfupi wa mtoto, unapita kwenye mkanda wangu halafu unamzunguka yeye. Nikasema si nimzungushie huu wangu tukae wote, akasema hapana, ndege ikifunga breki utambana na kiwiliwili chako. Hilo sikuwahi kulifikiria.

Halafu pembeni yangu kaja dada na mtoto wake wa miezi saba, nikafurahi, nitapata mwenzangu wa kulia naye. Wakamhamisha! Kila upande wa safu una maski moja tu ya ziada ya oksijeni, wapakatwa wawili hawakai pamoja. Badala yake wakamleta mzee mmoja wa Kiomani, kanzu nyeupe pee, kofia ya nyuzi. Nikasema moyoni basi, leo nimekwisha.

Tableti ya Salum: dakika kumi na moja. Nimehesabu. Baada ya hapo akaanza kuipiga kwenye dirisha.

Nikatoa uji. Akakataa kulishwa, akashika kijiko mwenyewe, akakichota, akamtazama yule mzee, akampelekea. Kwenye kanzu. Kifuani hasa. Mimi nikamwaga uliobaki mapajani kwangu kwa kukurupuka. Nikaanza samahani samahani kwa Kiarabu changu cha chuoni, mzee akanijibu: "Mwanangu, mimi nimekulia Malindi, uji naujua." Kiswahili kinachoshinda cha Mudi.

Mudi: 😒

Rukia: Akajifuta na kanga (ya tatu, bibi, ile ya kufutia). Halafu akavua kofia, akaweka kijiko chini yake mezani. Akamwambia Nassir, kimekwenda wapi? Nassir akainua kofia. Kipo. Akafunika. Akafunua. Akakitia kwenye kikombe, akakitikisa, akakirudisha chini ya kofia. Wallahi dakika arubaini. Watu wanalala, mhudumu anapita na chai, wao kofia tu. Mpaka akachoka akalala kichwa kwangu, miguu kwa mzee.

Kisha rubani akatangaza. Hamad nilikulaani, nisamehe. Nikamwamsha. Kalia mpaka watu wa mbele wamegeuka, nikampa ziwa, akanyonya huku ananikodolea macho kama nimemuibia. Lakini mpaka tunagusa chini hakushika sikio hata mara moja. Yule wa miezi saba walimwacha alale, aliamka na ukelele huo, mama yake naye analia.

Hamad: 🙏🏾 Mpe pole yake.

Rukia: Nilimwambia ampe ziwa, alitulia baadaye. Zuwena, pea nne za Nassir nilibeba. Zangu za kubadili hukunambia. Nimevuka uhamiaji na buibui limekauka uji kama limepigwa wanga.

Zuwena: Ndiyo ninakwambia sasa, kwa kurudi 😂

Salum: Kigari kimefika?

Rukia: Kimefika.

Salum: Barua?

Rukia: Hakuna aliyeiuliza.

Salum: Na tableti?

*Rukia anaandika…*

*Rukia anaandika…*

Rukia: Ule mfuko wa kiti cha mbele una kina sana.

Salum: *Ujumbe huu umefutwa*

Khaloo Salha (Muscat): Kesho nitawapigia watu wa vitu vilivyosahaulika, tulieni.

Bi Mkubwa: 🎤 0:06

Mudi: Bibi anauliza: na kijiko?

Rukia: Kijiko kalala nacho mkononi.