Mjadala: Uongozi wa skuli ubaki kwa mwalimu mkuu peke yake, au ugawiwe walimu?

Mwalimu wa darasa, Micheweni (mwenye mada)

Assalaam alaykum. Mie nasomesha skuli ya msingi kaskazini ya Pemba, karibu na pwani. Msimamo wangu nautoa mapema: mwalimu mkuu amebebeshwa madaraka ambayo hawezi kuyatumia yote, na sisi tulio darasani tumenyimwa yale ambayo tungeyatumia kesho asubuhi. Wanaoumia ni watoto, tena wale wale siku zote.

Chukueni mfano wa bamvua, siku ambazo bahari inajaa sana na kupwa sana. Skuli za pwani, bamvua likiingia, wavulana wa darasa la tano na la sita wanapungua. Wako mwambani wanachokoa pweza, wengine wamefuatana na kaka zao dago, kambi ya wavuvi. Na bamvua halimshtukizi mtu. Linakuja mwezi ukiandama na linakuja mwezi ukiwa mpevu, kila mwezi mara mbili, na mtoto yeyote wa pwani atakutajia siku zake. Sasa nani kayapanga majaribio ya mwezi yaangukie hapo? Si mwalimu wa darasa. Ratiba imetoka ofisini. Nikitaka kuyasogeza mpaka maji mafu, siku ambazo bahari haijai wala haipwi sana na darasa limejaa, lazima nimsubiri mkuu, na mkuu yuko kikaoni Chake Chake. Akirudi, jaribio limeshafanywa, wavulana wale wameandikiwa sifuri, na mtoto mwenye sifuri za kurundikana haoni tena cha kumrudisha skuli. Sisi tunaandika "utoro" kwenye rejista, kazi imekwisha. Msimu wa karafuu ni hivyo hivyo, ila hapo wanaokosekana ni pamoja na wasichana, wako mashambani wanaokota mpeta, karafuu zilizoanguka chini.

Mfano mwengine ni wa vyumba. Miaka hii tumejengewa skuli za ghorofa, tunashukuru. Mtoto anatembelea magongo, darasa lake limepangwa juu. Mwalimu mshauri wa elimu mjumuisho, anayeshughulikia watoto wenye ulemavu wanaosoma pamoja na wenzao, ameliona siku ya kwanza ya muhula. Kubadilishana chumba na darasa la chini ni jambo la kumaliza kabla ya mapumziko, lakini yeye hana amri ya chumba. Ana amri ya kuandika ripoti.

Ninachotaka ni hiki. Skuli zetu nyingi zina mikondo miwili, asubuhi na mchana, na mkuu ni mmoja. Basi kila mkondo uwe na timu ya walimu yenye uamuzi wake: tarehe za majaribio, vyumba, kumwita mzazi, kwenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, bila kusubiri barua. Na ruzuku ya skuli, walimu waione inavyopangwa kabla haijasainiwa, si kusomewa ikishatumika. Mkuu abaki mkuu. Semeni.

Mstaafu, Ng'ambo

Wa alaykumu salaam. Maalim, kiti hicho nimekikalia. Fedha zikipotea, wilayani haitwi timu, anaitwa mtu mmoja. Mkaguzi akifika haulizi "nyinyi mmefanya nini", anauliza "wewe". Wazee wetu walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama, na hawakusema kwa ajili ya kupamba kanga.

Nawakumbusheni kidogo. Tarehe 23 Septemba 1964, Mzee Karume alipotangaza elimu bila malipo, waliingia skuli watoto ambao katika ukoo wao hakuna aliyewahi kukaa kwenye dawati. Madarasa machache, walimu wachache, wengine wenyewe ndiyo kwanza wamemaliza kusoma. Kwa maoni yangu kilichozisimamisha skuli zile ni wakuu waliokuwa wanajulikana kwa jina kijiji kizima. Mzazi akijua aende kwa nani, na mwalimu mtegaji akijua atamkuta nani mlangoni. Leo mzazi aje aambiwe, "hilo ni la timu ya mchana, wameshaondoka"? Hapana.

Tena kuna walimu, tusidanganyane, ambao ukiwapa uhuru wa kupanga tarehe watajipangia safari zao.

Mwalimu, Mkoani

Mimi simuungi mkono mzee wala simuungi mkono mwenzangu wa Micheweni, na nitasema kwa nini.

Walimu wengi wa visiwa hivi ni wanawake. Nendeni ofisi ya walimu ya skuli yoyote ya msingi mhesabu wenyewe. Sasa kila mara ninaposikia "tushirikiane uongozi", najua nani ataongezewa kazi. Ushauri nasaha: mwalimu wa kike. Usafi wa vyoo: mwalimu wa kike. Wasichana wakiingia hedhi darasani: mwalimu wa kike. Mtoto mwenye ulemavu: "mpeleke kwa bibie yule, ana huruma". Hiyo huruma yangu imegeuzwa cheo kisicho na posho wala saini. Nafasi za taaluma na mshika fedha, ambako ndiko penye sauti, nakuona kunakwenda kwa wanaume, na wakati wa kumtafuta mkuu msaidizi wanatazamwa hao hao.

Vipindi vyangu havijapunguzwa hata kimoja. Nasomesha, nasahihisha, nashika zamu, halafu nabaki na kamati. Nikirudi nyumbani nakuta kazi nyengine inanisubiri. Ukinipa uongozi, nipe na vipindi pungufu. La si hivyo, niachie nisomeshe.

Kijana, Makunduchi

Naomba niingize na yaliyofanyiwa utafiti kwengineko. Kenneth Leithwood wa Canada na wenzake walipitia tafiti nyingi na mwaka 2004 wakaandika kuwa, katika mambo ya ndani ya skuli yanayomfanya mtoto ajifunze, uongozi ni wa pili, unatanguliwa na ufundishaji wa darasani tu. Na uongozi waliouzungumza haukuwa wa mtu mmoja aliyeko ofisini pekee. Kule Marekani, James Spillane akaenda mbali zaidi: alitaka tuutazame uongozi kama kitu kinachotokea baina ya watu wanapofanya kazi pamoja, si kama sifa anayozaliwa nayo mkuu.

Japani wana utaratibu wao wa siku nyingi. Walimu wanakaa kupanga somo moja kwa pamoja, mmoja analisomesha, wengine wanaingia darasani, na hawamtazami mwalimu, wanawatazama watoto: nani kakwama, wapi, kwa nini. Halafu wanalirekebisha. Aliyeliona tatizo anasema, hata kama kaajiriwa juzi. Sisi tuna vituo vya walimu, Michakaeni, Dunga na kwengineko, vilijengwa kwa kazi kama hii ya walimu kusaidiana. Kwa nini tuvifanye ukumbi wa kwenda kusikiliza mtu anasoma slaidi?

Mstaafu, Ng'ambo

Mwanangu, Japani mwalimu ana watoto wangapi darasani? Na mkondo wa mchana wanao?

Kijana, Makunduchi

Mzee, wingi wa watoto ndiyo sababu yenyewe. Mkuu mmoja hawezi kuwajua wote. Walimu wao wanawajua.

Na nikukumbushe maamuzi ya watu wachache yalivyotufika. Sera ya Elimu ya 2006 iliamua Hisabati na Sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Mwalimu wa darasa la tano angeulizwa, angesema nini? Angesema mtoto huyu wa Kiuyu ana akili ya kugawanya pweza kwa fungu bila kukosea, ukimpa hesabu ile ile kwa Kiingereza anakutazama tu. Ugatuzi nao, ulipoanza 2017, uliteremsha skuli za maandalizi na msingi kutoka wizarani hadi serikali za mitaa. Mazungumzo yote yakawa ya baraza gani litashika nini. Darasani hakuna aliyefika.

Mzazi, Mwanakwerekwe

Nyinyi walimu mnagombania kiti, hamjatutaja sisi. Mwanangu yuko mkondo wa mchana. Asubuhi yuko chuoni anasoma Kurani, akitoka anapitiliza skuli hajala vizuri, akirudi magharibi imeshaingia. Nilipokwenda kuuliza kama anaweza kuhamishiwa asubuhi, mwalimu wa darasa akasema nimuone mkuu, mkuu akasema nimuone mwalimu wa darasa. Huo ndio uongozi wa pamoja ninaoujua mimi.

Jambo moja litawaudhi wengi. Michango ya skuli za msingi ilipofutwa 2015 tulifurahi, nami nilifurahi, maana ninao wengi. Ila tulipokuwa tunachangia tulikuwa tunauliza. Siku hizi naitwa skuli mtoto akipigana. Kamati ya skuli ipo, wajumbe wake siwajui. Mkitaka kugawana madaraka, gawaneni na mama wa mtoto pia.

Mwalimu wa darasa, Micheweni (mwenye mada)

Nimewasoma wote. Mzee, hata jahazi lenye nahodha mmoja lina rubani na sarahangi, na rubani akisema pana mwamba, nahodha hasemi ngoja nirudi kikaoni. Lakini hoja yako ya nani ataitwa wilayani ni nzito, siikwepi. Jibu langu: kila uamuzi uandikwe kwenye daftari pamoja na majina ya walioutoa. Hilo likiwepo, anayeitwa anajulikana. Sasa hivi mkuu anaitwa kwa mambo ambayo hakuyaamua wala hakuyajua, kwa sababu saini ni yake. Sioni kwa nini tuite hali hiyo uwajibikaji.

Huyo mwalimu atakayejipangia safari, yupo. Yupo na leo, chini ya mkuu mmoja, na anasafiri. Wenzake ndio wanaomjua kuliko mkuu, na kama tarehe ni yao wote hawatamwachia aiharibu.

Dada yangu wa Mkoani amegusa pale ambapo mimi sikugusa. Kugawa kazi ni jambo moja na kugawa uamuzi ni jambo jengine kabisa, na skuli zetu zimekuwa hodari wa lile la kwanza. Tumezalisha kamati za kila namna, ya mazingira, ya michezo, ya afya, na kila moja ina mwenyekiti anayeomba ruhusa ya kununua chaki. Kamati isiyoweza kubadilisha kitu ni kazi ya ziada tu, na nakubali kuwa kazi hiyo ya ziada inakwenda kwa wanawake. Kwa hiyo kipimo changu kwa cheo chochote cha skuli ni swali hili: huyu mtu anaweza kuamua nini leo bila kuuliza? Kama jibu ni "hakuna", acheni kukiita uongozi.

Mzazi wa Mwanakwerekwe, suala la mtoto wako kuhama mkondo ni mfano mzuri kuliko wangu. Lingekuwa mikononi mwa walimu wa mikondo miwili wanaokaa meza moja, lingekwisha siku ile ile, hata kama jibu ni hapana.

Mstaafu, Ng'ambo

Basi nijibu bila ya kuzunguka. Nitajie jambo moja ambalo mkuu akiliachia, haliwezi kumtia hatiani.

Mwalimu wa darasa, Micheweni (mwenye mada)

Tarehe za majaribio ya ndani. Mitihani ya Baraza la Mitihani la Zanzibar ina ratiba yake, hiyo haiguswi. Ya ndani ni yetu. Pili, vyumba.

Mstaafu, Ng'ambo

Tarehe na vyumba nakupa. Ningekuwa bado kazini ningekupa kesho. La fedha sikupi. Wazione, sawa, zibandikwe ubaoni kila mtu azisome. Lakini mkono unaosaini uwe mmoja.

Mwalimu, Mkoani

Hapo mmeelewana wanaume wawili kuhusu tarehe na vyumba. Mwalimu wa elimu mjumuisho wa skuli ya ghorofa, ambaye karibu kila mahali ninapopajua ni mwanamke, atakaa kwenye timu hiyo kwa vipindi vile vile alivyonavyo?

Kijana, Makunduchi

Walimu wapya wanaajiriwa. Wapewe wao vipindi vya ziada.

Mwalimu, Mkoani

Mwalimu mpya anayeletwa Pemba, nusu ya akili yake iko kwenye barua ya uhamisho kurudi Unguja. Akipata uhamisho, vipindi vinarudi kwangu. Tafuta jengine.

Mzazi, Mwanakwerekwe

Na mimi kiti changu kwenye hiyo timu hakijajibiwa.

Mwalimu wa darasa, Micheweni (mwenye mada)

Mzazi, mjumbe mmoja wa kamati ya skuli akae na timu ya kila mkondo, achaguliwe na wazazi wa mkondo huo, jina lake libandikwe mlangoni. Wa asubuhi asisemee wa mchana, shida zenu si moja.

La vipindi sina jibu la uhakika. Kwa akili yangu, anayeongoza timu angepunguziwa angalau vipindi vya siku moja kwa wiki, na mkuu pamoja na msaidizi wake waingie darasani kuvishika. Najua wakuu watasema hawana nafasi. Lakini tarehe, vyumba na barua za wazazi zikiondoka mezani kwao, nafasi itapatikana, na mkuu anayesomesha hata kipindi kimoja kwa siku atayaona mwenyewe madawati yaliyo wazi siku za bamvua. Mzee wa Ng'ambo, hapo nakusubiri wewe: ulipokuwa mkuu, ulikuwa unasomesha?

Mstaafu, Ng'ambo

Mwanzoni nilikuwa nasomesha Jiografia. Halafu vikao vikazidi.

Mwalimu, Mkoani

Nani mwengine ana skuli ambayo mkuu anashika chaki mpaka leo? Aandike yuko wilaya gani na anasomesha somo gani. Jina la skuli si lazima.