Tupeane uzoefu: wanaolinda urithi wetu kwa kujitolea, mmewaenzi vipi?

Mwana Kisiwani
Wakuu, habari za leo. Hapa kwetu Kilwa kila mgeni anapiga picha Msikiti Mkuu na jumba la kale la Husuni Kubwa, lakini wanaofyeka vichaka ili visiyameze magofu hayo hawaulizwi hata jina. Baba yangu mdogo ni mmoja wao. Mtini ukiota ukutani haung'oi. Anaukata usawa wa ukuta, kwa sababu mzizi ukivutwa unatoka na mawe. Vijana amewafundisha kutengeneza chokaa ya kuzibia nyufa, na anakuwa mkali kweli akiona mtu kaleta saruji, maana saruji ni ngumu kuliko ukuta wa zamani na mwisho huupasua. Upande wa Gereza, ile ngome ya zamani, ambako mawimbi yalikuwa yanakula ufuko, wenyeji wamepanda mikoko.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakatangazwa kuwa hatarini, na 2014 yakatolewa kwenye orodha hiyo ya hatari. Baadaye nilihudhuria hafla moja: wakatajwa wafadhili, wakatajwa viongozi, na wazee wa mapanga wakakaa nyuma wakipiga makofi. Iliniuma sana. Ndugu na majirani tukachanga, tukamkatia baba mdogo bima ya afya. Kwenu mlifanyaje?

Mkilifi Halisi
Pole sana, ndugu. Sisi Wamijikenda tuna wazee wa kaya, yaani wanaolinda misitu mitakatifu yenye maskani ya mababu zetu. Misitu yetu ya kaya iliingia Urithi wa Dunia 2008, lakini anayemzuia mtu kukata mti mle ndani ni mzee yule yule, mwenye bakora na sauti yake tu. Na kazi si miti peke yake. Kuna vigango viwili, nguzo za mti za kuwakumbuka wafu, vilivyoibwa pwani huku 1985 vikauzwa nje. Vilirudi kutoka Marekani 2007. Kwetu kigango ni kama mtu mwenyewe wa ukoo aliyekufa, kwa hiyo kukiiba ni kumnyang'anya mtu mzazi wake.

Kijijini kwetu tulikubaliana hivi: mgeni akija kaya, mzee aliyempeleka apate fungu lake kwanza kabla pesa hazijaingia kwa kamati. Mabishano yalikuwepo, lakini sasa vijana wawili watatu wamejitokeza kujifunza.

Binti Amu
Mtaani kwetu Lamu kuna bibi anawasomesha watoto tenzi za zamani kwa hati ya Kiarabu, barazani kwake, baada ya alasiri. Hataki pesa, ukimpa anakasirika. Tulimrekodi akisoma, tukampa nakala yeye na wanawe. Alisikiliza yote, kisha akatuambia turudie beti mbili kwa kuwa alikuwa amechoka siku ile. Tukarudia.

Mrangi wa Kolo
Naomba nipingane kidogo na wa Kilifi. Kwetu Kondoa kuna michoro ya miambani, na maeneo mengine bado watu wanakwenda kutambika. Yupo mzee anayewakataza wageni kumwagia michoro maji ili ing'ae kwenye picha, kwa sababu maji huifuta. Pesa zikiingia, naogopa wataanza kugombania wageni, na asiye na mgeni ataacha kulinda.

Mwana Kisiwani
Hoja yako naielewa, mkuu. Ila mzee huyo anapanda mlima kwa miguu yake, na viatu vinakwisha. Mnunulieni viatu, mtengenezeeni kitambulisho ili mgeni asimbishie, na siku ya hafla mkalisheni mbele. Hayo hayaleti ugomvi.

Mrangi wa Kolo
Hilo la kitambulisho nimelipenda. Kikao cha kijiji ni mwezi ujao, nitalipeleka.

Binti Amu
Wa Kolo, usisahau kumuuliza mwenyewe kwanza anataka kuitwa nani kwenye hicho kitambulisho.