Ile Sauti ya Tuktuk ya Kijani

Halati Mwanaisha: Assalam alaykum jamaa. Isikizeni hii sauti ya WhatsApp mpaka mwisho. Kuna tuktuk ya kijani yazunguka saa za chuo cha Qur'ani ikichukua watoto. Picha yake hiyo. Wenye watoto, tafadhalini!

Mama Feisal: Subhanallah! Wangu watoka chuoni saa kumi na moja. Ni wapi hapo halati?

Halati Mwanaisha: Mombasa hii hii. Nimetumiwa na mtu mzima mwenye akili zake.

Ami Badi: Waalaykum salaam. Huyo aliyekutumia simtii ila. Nauliza tu, yeye aliona kwa macho yake, au naye alitumiwa?

Halati Mwanaisha: Alitumiwa na shemejiye wa Changamwe.

Ami Badi: Na shemejiye?

Halati Mwanaisha: Hilo sikuuliza. Lakini Badi, mambo ya watoto hayangoji maswali.

Ami Badi: Nimeisikiza yote. Yule bwana asema "jana, hapa kwetu". Jana ya lini? Kwetu wapi, Likoni, Kisauni? Mtoto hana jina, chuo hakikutajwa. Mtoto akipotea mjini hapa hutangazwa msikitini kwa jina lake na la babake. Sasa ikuzeni picha mutazame nambari ya nyuma. Imeanza KA, kisha tarakimu. Tuktuk zetu huanza KTW. KA ni ya Karnataka, kule India.

Mama Feisal: Wallahi kweli. Na kibao cha duka pale nyuma si maandishi ya huku.

Salim: Jamani, yangu mimi ni ya kijani. Leo pale Kongowea mama mmoja alifungua picha hii, akanitazama uso, ndo akapanda. Jioni Mtopanga vijana wakanizunguka, wataka niinue kiti cha nyuma waone nimeficha nini.

Bibi: Salim mjukuu wangu, hawakukugusa?

Salim: Hawakunigusa bibi. Mmoja wao alinijua, ndo wakaniwata.

Ami Badi: Hili ndilo nilogopalo. India, mwaka 2018, ilienea video ya watu wa pikipiki wanamnyakua mtoto. Wapita njia wasio na kosa wakapigwa hata wakafa. Video yenyewe ilitengenezwa Karachi, Pakistan, kuwazindua wazazi. Mwisho wake yule wa pikipiki amrudisha mtoto na kuonyesha bango la maelezo. Kipande hicho kilikatwa, ikabaki hofu peke yake.

Mama Feisal: Lakini ami, watoto hupotea kweli.

Ami Badi: Hupotea, na ndo maana yaniuma. Siku atakapopotea wa kweli, nataka jina lake litufikie likiwa safi, tutoke sote tumtafute. Chuoni tulisoma kuwa hadithi huulizwa: nani kaipokea, kwa nani, mpaka kwa aliyeshuhudia. Hii haina hata mpokezi wa kwanza. Itazameni hapo juu, ina mishale miwili. WhatsApp huitia mishale hiyo habari iliyopita mikono mitano au zaidi, na tangu Aprili 2020 haikubali uipeleke zaidi ya mahali pamoja kwa wakati mmoja. Zaidi ya hapo hawawezi mengi. Jumbe zetu zimefungwa kwa siri tangu 2016, wao wenyewe hawazisomi. Wa kuikata ni sisi humu.

Bibi: Mumeuliza kituoni?

Ami Badi: Nimepiga kituoni na kwa ustadhi wa chuo. Hakuna aliyeletewa habari ya mtoto.

Halati Mwanaisha: Yule shemeji wa Changamwe kajibu. Aliipata kwenye grupu la wenye maduka, mtumaji hata hamjui. Nimeifuta hapa. Lakini kwenye chama chetu ishasikizwa na watu wengi.

Ami Badi: Ifute na huko, kisha uwaandikie. Kufuta peke yake hakutoshi, washaipeleka majumbani.

Bibi: Mwandikie wewe Badi, maneno mafupi.

Ami Badi: "Picha ya tuktuk ya kijani ni ya India, nambari yake KA. Leo Jumatano tumeuliza kituoni na kwa ustadhi wa chuo, hakuna habari ya mtoto aliyechukuliwa. Tafadhali musiwazuie madereva njiani."

Halati Mwanaisha: Nshaipeleka. Mmoja wao auliza ni kituo gani, na aliyepiga ni nani.

Ami Badi: Mpe nambari yangu, anipigie sasa hivi.