Je, bima ya afya ya umma ilipie upasuaji wa macho kwa leza?

Mwalimu wa Sekondari, Morogoro

Ndugu zangu, habari za kazi. Naomba tujadili jambo ambalo limekuwa likinisumbua tangu Bunge lipitishe Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Mimi ni mtumishi wa umma. Kila mwezi asilimia 3 ya mshahara wangu hukatwa kwa ajili ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, na mwajiri huchangia kiasi hicho hicho. Sioni mbali tangu nikiwa shule ya msingi. Nikivua miwani na kusimama nyuma ya darasa, siwezi kusoma maneno niliyoyaandika ubaoni kwa mkono wangu mwenyewe. Vioo hupata mikwaruzo ya vumbi la chaki, fremu huvunjika, na mvua ikininyeshea nikiwa juu ya bodaboda sioni kitu.

Ninavyoelewa, upasuaji wa macho kwa leza uitwao LASIK hufanywa mara moja, nao humwezesha mtu kuachana na miwani. Kama ndivyo, kwa nini usiwekwe kwenye kitita cha mafao cha kila mwanachama, badala ya mtu kununua miwani mipya maisha yake yote? Naomba hasa maoni ya walio karibu na huduma za macho.

Muuguzi wa Kliniki ya Macho, Kilimanjaro

Mwalimu, shikamoo, na ahsante kwa kulileta suala hili. Kwanza niseme kwamba neno "leza" limebeba matibabu mengi yasiyofanana, na mjadala wa bima hupotea njia pale tunapoyachanganya.

LASIK hurekebisha umbo la konea, yaani kioo cha mbele ya jicho, ambacho unene wake ni takriban nusu milimita. Daktari hukata utando mwembamba wa juu, akaufunua, leza ikapunguza sehemu ya tishu iliyo chini yake, kisha utando ukarudishwa mahali pake. Ni tiba nzuri kwa mtu anayefaa, na simlaumu anayeitamani. Lakini tatizo inalolitibu tayari lina dawa, nayo ni miwani.

Sasa mfikirie mgonjwa wa kisukari anayefika kliniki akisema anaona vitu kama nywele nyeusi vikielea mbele ya jicho. Tukimchunguza tunakuta mishipa mipya ya damu, dhaifu, imeota kwenye retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, na jicho moja limeshavuja damu. Leza haimrudishii uoni uliokwishapotea. Kazi yake ni kulilinda jicho la pili, na tangu miaka ya 1970 utafiti umeonyesha kwamba hupunguza kwa zaidi ya nusu hatari ya kupoteza uoni kwa kiwango kikubwa. Mgonjwa huyu hana miwani ya kumsaidia. Akiambiwa aende kwanza kutafuta fedha, mara nyingi hurudi wakati umeshapita.

Mfano wa pili uko hapa hapa kwetu. Katika hospitali ya KCMC, Moshi, ulifanyika utafiti wa wagonjwa wa glaukoma, ugonjwa ambao wengi huuita presha ya macho, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2021. Baadhi ya wagonjwa walipewa matone ya timololi ya kutumia kila siku, na wengine wakatibiwa kwa leza inayosaidia maji ya jicho kutoka. Baada ya mwaka mmoja, matibabu yalikuwa yamefanikiwa katika asilimia 61 ya macho yaliyopigwa leza, dhidi ya asilimia 31 ya yale yaliyotumia matone. Aliyewahi kufanya kazi kliniki hawezi kushangaa sana, kwa sababu chupa ya matone huisha, duka la dawa liko mbali, na mgonjwa asiyesikia maumivu yoyote huona hakuna haraka. Glaukoma haina huruma na mtu wa namna hiyo, kwani uoni inaouchukua haurudi.

Ipo pia leza ya dakika chache kwa waliofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, ambao utando ulio nyuma ya lenzi ya kupandikiza umeingia ukungu. Kwa maoni yangu, hizi tatu ndizo ambazo bima ya umma haina budi kuzilipia kikamilifu, hadi hospitali za mikoa, kabla shilingi moja haijaenda kwenye LASIK ya kumwondolea mtu miwani.

Mhasibu, Dodoma

Naunga mkono, na naongeza upande wa hesabu. Hoja kwamba LASIK ni malipo ya mara moja haijakamilika. Mtu akikaribia au kupita miaka 40, lenzi ya ndani ya jicho hupoteza wepesi wake, na kwa kawaida atahitaji miwani ya kusomea hata kama konea yake ilirekebishwa vizuri. Mfuko utakuwa umelipia upasuaji, na bado mwanachama yule yule atarudi kuomba miwani.

Kuna pia suala la haki. Mfuko wa pamoja hukusanya mchango wa mkulima wa Kigoma na wa mkazi wa Dar es Salaam, ilhali mashine za namna hii hukaa mijini. Utafiti wa Bangladesh uliochapishwa mwaka 2024 uliwapa miwani ya kusomea watu wa vijijini wenye umri wa miaka 35 hadi 65, na baada ya miezi minane kipato chao kilikuwa kimepanda kwa takriban theluthi moja. Hiyo ni miwani ya bei nafuu kabisa. Fedha za umma zianzie hapo.

Mwanachama kutoka Mombasa

Hamjambo wapendwa. Huku Kenya tunakatwa asilimia 2.75 ya mapato tangu bima mpya ya jamii ilipochukua nafasi ya ile ya zamani mwezi Oktoba 2024, kwa hivyo swali la mwalimu ni letu pia. Sipingi mpangilio wa muuguzi. Ninachopinga ni kuifungia LASIK mlango wote kana kwamba kila anayeihitaji anatafuta urembo.

Ndugu yangu mdogo ana jicho moja lenye nguvu ya karibu kawaida na lingine lililo dhaifu mno. Miwani ya kawaida humletea picha mbili za ukubwa tofauti, na ubongo hushindwa kuziunganisha. Akishuka ngazi hupapasa kwa mguu. Daktari alimshauri avae lenzi za kubandika jichoni. Kazi yake ni ya uvuvi, katika maji ya chumvi, na mikono yake ni ya nyavu na samaki. Lenzi hizo zinataka mikono safi na dawa yake maalumu kila siku, na asiyeweza kuyatimiza hayo hujiweka katika hatari ya vidonda vya konea, ambavyo vyaweza kupofusha.

Uingereza, ambako huduma ya umma kwa kawaida hailipii leza ya kuondoa miwani, upasuaji wa leza hulipiwa pale unapohitajika kutibu ugonjwa wa konea. Nasi tungeweza kuweka kanuni inayofuata hitaji la mgonjwa: miwani imejaribiwa ikashindikana, lenzi hazimfai kwa sababu inayothibitishika, na jopo la madaktari wa macho limeridhia. Watakaofuzu ni wachache, na mfuko hautatikisika.

Mwalimu wa Sekondari, Morogoro

Marahaba, muuguzi, na nawashukuru nyote. Nimeelewa kwamba mimi, ambaye miwani inanifaa, siwezi kutangulia foleni ya mtu anayepofuka kwa kisukari. Kanuni aliyoipendekeza ndugu wa Mombasa inaniridhisha zaidi kuliko katazo la jumla. Hata hivyo, fao la miwani nalo liwe la kweli, pamoja na vioo visivyokwaruzika kirahisi, la sivyo tutakuwa tumeambiwa tuvumilie bila kupewa cha kuvumilia nacho. Swali moja limebaki: nikiamua kujilipia mwenyewe, nichunguze nini kwanza?

Muuguzi wa Kliniki ya Macho, Kilimanjaro

Hakikisha namba za miwani yako hazijabadilika kwa angalau mwaka mmoja. Omba konea ipimwe unene na umbo, hasa kama ulipokuwa mtoto macho yalikuwa yakikuwasha na ukiyafikicha sana, kwani konea iliyochongoka haipaswi kufanyiwa LASIK. Kama huwa unavaa lenzi za kubandika jichoni, daktari atakutaka uziache kwa muda kabla ya vipimo. Na vipimo vyote vya kabla ya upasuaji vitunze maisha yako yote, kwa sababu konea ikishapunguzwa, presha ya jicho husomeka chini kuliko ilivyo, na daktari asiyejua historia yako anaweza kuipita glaukoma bila kuiona.