MJADALA: Mwalimu wa serikali kuwauzia twisheni wanafunzi wake mwenyewe, ni sawa?

Mleta mada (mzazi, Dar es Salaam)
Wadau, habari za jioni. Kwenye kikao cha wazazi shuleni kwa mwanangu kulizuka ugomvi. Mwalimu wa hesabu wa kidato cha pili amefungua twisheni hatua chache kutoka getini, na wanaojaa humo ni walewale anaowafundisha asubuhi. Kuna waliompigia makofi, kuna waliotaka ahamishwe kesho yake.

Nisizunguke. Mwalimu kufungua twisheni ni haki yake. Daktari wa serikali akitoka zamu anakwenda kuona wagonjwa hospitali binafsi, na hakuna anayemwita mwizi. Achukue TIN, namba ya mlipa kodi, apange chumba, aweke mabenchi, ajaze watoto wa shule nyingine zote. Kinachonikera ni mwalimu kumuuzia mtoto ambaye serikali imeshamlipa yeye mshahara ili amfundishe. Hapo, hata awe mcha Mungu kiasi gani, kipindi cha asubuhi kikiwa kibovu yeye anapata wateja.

Nilifungua daftari la mwanangu la shule, mada ya logarithimu. Mfano wa kwanza umekamilika. Wa pili umeishia mstari wa tatu, chini yake pameandikwa "jioni". Nikafungua daftari la twisheni: umeendelea kuanzia mstari wa nne.

Elimu bila ada ilianza Januari 2016 hadi kidato cha nne, na tangu mwaka wa masomo 2022/23 imefika kidato cha tano na sita. Mzazi anayetoa buku, yaani shilingi elfu moja, kila jioni ana haki ya kuuliza amesamehewa nini.

Hoja yangu: liwekwe sharti kwamba mwalimu asipokee hela ya mwanafunzi wa shule anayofundisha. Nani ataumia? Karibuni, ila matusi hapana.

Mwalimu, Sengerema
Mkuu, mimi nafundisha fizikia na twisheni ninayo, kwa hiyo nakujibu kama mtuhumiwa. Kipindi ni dakika 40. Nieleze kwa Kiingereza, kisha nirudie kwa Kiswahili, maana huyu mtoto hadi darasa la saba masomo yake alisoma kwa Kiswahili. Darasa limejaa hadi madirishani. Kengele inagonga mfano wa pili ukiwa njiani, halafu wewe unasema nimeuacha makusudi. Njoo ukae benchi la nyuma siku moja.

Sharti lako ni la Dar. Huko Mchikichini kwenye twisheni zenu watoto wanatoka kila kona ya jiji. Huku kwetu shule ya kata ni moja na mwalimu wa fizikia ni mimi. Ukinikataza hawa, nikamfundishe nani? Ng'ombe?

Mzazi, Temeke
Mimi hela silalamikii. Nalalamikia asiyelipa anavyofanywa. Binti yangu aliulizwa swali akashindwa, mwalimu akasema mbele ya wenzake, "Hili walio wangu wanalijua." Wiki nzima hakunyoosha mkono.

Mchangiaji, Nakuru
Ndugu zetu, sheria pekee haitawasaidia. Sisi Kenya, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 37, inakataza masomo ya likizo: faini hadi shilingi 100,000, au kifungo hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Mtaani kwetu jina liligeuka tu likawa "rimedio", masomo ya kuwasaidia waliobaki nyuma, na wazazi wenyewe ndio waliochangishana.

Mleta mada
Mwalimu wa Sengerema, hoja ya mwalimu mmoja wa somo ina uzito. Basi shule ya namna hiyo masomo ya jioni yapitie bodi ya shule. Kiwango kijulikane, asiye nacho aingie bure, na jina lake lisisomwe. Kwa mjini sibadili neno: mabadilishano yanawezekana, wa kwako waende kwa mwenzako na wa kwake waje kwako. Mwalimu mzuri atajaza tu.

Mwalimu, Sengerema
Wa bure nakubali, hata sasa ninao na siwataji. Ila bodi ipi, hii inayokutana kwa msimu? Hela ikipita kwao chaki nitanunua kwa mkopo.

Mleta mada
Haya, tuseme isiwe bodi. Nani ashike hela na daftari la mahudhurio, asiyekuwa wewe?