Je, miwani inamharibu macho mtoto asiyeona mbali?

Mama Neema, Ujiji:
Ndugu zangu, binti yangu wa miaka 11 alipimwa macho mwaka jana baada ya kuniuliza, tukiwa ufukweni, mitumbwi iko wapi, ilhali ilikuwa mbele yetu. Alipewa miwani ya namba -1.50 (ndiyo nguvu ya lenzi), na sasa ameandikiwa yenye nguvu zaidi, -2.25. Bibi yake anasisitiza kwamba miwani ndiyo inayomlegeza macho. Je, aache kuivaa?

Mpimaji wa macho, Kigoma Mjini:
Dada, nakuomba asiache. Kwa mtoto wa namna hii, kwa kawaida jicho limerefuka kupita kiasi kutoka mbele kwenda nyuma, kwa hiyo mwanga hukutana kabla ya kuifikia retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na vitu vya mbali huonekana kwa ukungu. Lenzi yake, nyembamba katikati na nene pembeni, huutawanya mwanga kidogo ili ukutane mahali pake; umbo la jicho hailibadilishi. Namba imepanda kwa sababu mtoto anakua. Akiivua ataona ukungu uleule wa zamani, ila sasa atausikitikia, kwa kuwa ameshajua kuona vizuri kulivyo.

Mwalimu, Kasulu:
Naongeza kwamba watoto wanaocheza nje mchana, kwa muda wa saa 2 hivi kila siku, hupunguza uwezekano wa kupata tatizo hili. Nimewahi kumdhania mwanafunzi mvivu, kumbe ubao haukusomeka kwake.

Mama Neema:
Nashukuru sana. Apimwe tena lini?

Mpimaji wa macho:
Kila mwaka, au mapema zaidi akianza kukunja uso anapotazama mbali.