Fundi wa ndege alifikaje kwenye handaki?

Kijana wa Langoni, Lamu

Asalam aleikum. Mimi natembeza wageni hapa Amu. Jana nilikuwa na mzee wa Kijerumani, tumesimama mbele ya ile posta ya Wajerumani iliyofunguliwa 1888, enzi za usultani wa Witu uliokuwa chini ya ulinzi wao. Nilipomaliza kumsimulia akatoa picha pochini. Ni babake, kijana mwembamba, amevaa koti la jeshi la anga lenye nembo ya tai kifuani. Lakini ameshika bunduki, nyuma yake theluji na mahandaki, ndege hata moja haionekani. Akaniambia alikuwa fundi wa ndege, akafia Urusi Oktoba 1943 akipigana kwa miguu. Machozi yakamlengalenga, nikaona haya kumhoji. Ilikuwaje? Ataondoka kesho kutwa, nami nataka nimpe jibu.

Mwalimu Mstaafu, Malindi

Waaleikum salaam mwanangu. Jibu lipo, na linauma.

Baridi ya 1941 kuingia 1942 iliwamaliza Wajerumani wengi huko Urusi. Majenerali wa nchi kavu wakaomba watu kutoka jeshi la anga, maana lilikuwa na mafundi, makarani na walinzi wa viwanja kwa maelfu. Mkuu wake, Hermann Göring, akagoma kuwaachia. Akaunda divisheni zake mwenyewe, yaani vikosi vikubwa, za askari wa miguu, zaidi ya 20, zenye watu kama 200,000, chini ya maafisa wake wa anga. Mimi hapo naona kiburi cha mtu mmoja tu. Wale watu wangegawanywa katika vikosi vya nchi kavu vilivyokwisha kuzoea vita, wangefundishwa na wenzao. Badala yake waliwekwa pamoja, wageni watupu, mafunzo haba, na divisheni nyingi zikiwa na regimenti mbili za miguu tu. Ni kama kumtoa fundi wa mashine za boti hapo gatini kwenu ukamwambia apande mlingoti wa jahazi kusi ikivuma.

Divisheni ya 7 na ya 8 zilikimbizwa upande wa Stalingrad mwisho wa 1942. Ya 8 ikasambaratika katika wiki chache. Kisha ikaja Nevel, mji wa Urusi. Tarehe 6 Oktoba 1943 Warusi waliishambulia divisheni ya 2, ikavunjika, na mji ukatekwa siku hiyohiyo. Novemba 1943 divisheni hizo zikakabidhiwa jeshi la nchi kavu. Wengi walikuwa wamekwisha kufa.

Bint Shela

Shikamoo Mwalimu. Namhurumia huyo mzee, lakini tusisahau babake alikuwa kwenye nchi ya watu, kwenye vita ambavyo wao ndio waliovianza. Babu yangu alichukuliwa KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, akapelekwa Burma, 1944, bonde la Kabaw, mvua na malaria. Picha yake hatuna.

Mwalimu Mstaafu, Malindi

Marahaba binti yangu. Umesema kweli, wala siipunguzi. Mama yangu alikuwepo hapa Malindi ndege za Waitalia zilipoangusha mabomu mwaka 1940. Mpaka anakufa alikuwa akisikia muungurumo angani anaita watoto ndani. Andika jina la babu yako huko kwenu nyumbani, na vijiji alivyovitaja, kabla waliomsikia hawajaondoka.

Na wewe wa Langoni, mwambie mzee atafute barua za babake. Kwenye bahasha kuna namba ya posta ya vita, tarakimu 5. Namba hiyo ndiyo inayotaja kikosi. Akiijua, hifadhi ya nyaraka za kijeshi iko Freiburg.

Kijana wa Langoni, Lamu

Mwalimu, Mungu akuweke. Nimemsomea yote hapa barazani, pamoja na maneno ya Bint Shela. Aliinamisha kichwa akasema ni haki yake. Barua anazo 3, ziko kwa bintiye. Amempigia simu sasa hivi, na binti ameshaanza kusoma tarakimu. Ya kwanza ni 3.